Kumngoja Korongo Kwenye Maji ya Bamvua

Mara ya kwanza nilipokwenda Nunge, kwenye mashamba ya chumvi yaliyo kaskazini ya mji wa Bagamoyo, nilikuwa na lenzi ya milimita 400 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na nilikuwa na hakika kwamba kilichoninyima picha nzuri za ndege wa majini miaka yote ile kilikuwa ufupi wa lenzi yangu ya zamani. Katika bwawa la katikati walikuwamo heroe wapatao mia moja, ambao wengi wetu siku hizi huwaita flamingo, vichwa vimeinamishwa majini na midomo imegeuzwa juu chini kama walivyoumbwa kuchuja chakula chao. Nikaanza kuwaendea juu ya tuta: nainama, nasimama, napiga picha mbili, nasogea tena. Kila nilipokwenda hatua kumi, kundi lote lilijisogeza hatua kumi upande wa pili bila haraka. Nilipofika ukingoni mwa bwawa walinyoosha shingo zote kwa pamoja, wakakimbia juu ya maji, wakaruka. Nilirudi nyumbani na picha za migongo.

Jambo lililonikaa moyoni kuhusu siku ile lilitokea muda mfupi kabla hawajaruka. Wafanyakazi watatu wa chumvi walipita juu ya tuta lile lile wakisukuma toroli na kuzungumza kwa sauti, karibu na ndege wale kuliko nilivyokuwa mimi, na hapakuwa na heroe hata mmoja aliyeinua kichwa. Wao walikuwa wakipita. Mimi nilikuwa nikinyemelea. Ndege anayewindwa na furukombe tangu akiwa kinda anaijua vyema tofauti ya kiumbe anayepita na njia yake na kiumbe anayemkazia macho, akainama, akasimama ghafla, kisha akaja moja kwa moja. Nilikuwa nimejitia katika mwenendo wa adui, nikashangaa kwa nini ninakimbiwa.

Tangu hapo, na huu ni mwaka wa sita, karibu juhudi yangu yote kwenye mwambao huu imekuwa ni kutafuta mahali ambapo ndege atafika kwa haja yake mwenyewe, kisha kuwahi kufika hapo kabla yake na kukaa. Mahali penyewe huamuliwa na maji.

Niseme kwanza neno kuhusu majina, kwa sababu yana kazi katika upigaji picha. Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kumwita kila ndege mweupe yangeyange na kila mrefu wa miguu korongo, na kwa mazungumzo ya barazani hilo linatosha. Mpiga picha hana budi kutazama zaidi. Wako makorongo wanaoruka wakiwa wamenyoosha shingo mbele, kama yule mwenye mdomo wa manjano na uso mwekundu, na hao huvua wakitembea: hutumbukiza mdomo ukiwa wazi kidogo, hutikisa tope kwa mguu mmoja, na samaki anapougusa mdomo hufungwa kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Wako wengine wanaoruka wakiwa wamekunja shingo, nao huvua kwa kusimama kimya, hata ukadhani ni mti uliokauka. Wa kwanza utamngoja mahali anapoelekea, wa pili utamngoja mahali anapopapenda, na usipomtambua ni wa jamii ipi utakuwa umeketi mahali pasipo. Mimi mwenyewe kwa muda wa mwaka mzima niliwapiga picha yangeyange wa ufukweni, mmoja mweupe kabisa na mwingine wa rangi ya moshi uliokolea, nikiwaweka katika mafaili mawili, mpaka nilipojua kwamba ni ndege wa aina moja wanaozaliwa na rangi hizo mbili, na ndiyo maana walikuwa wakivua pamoja na kusimama pamoja.

Sasa maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Bagamoyo hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, na kwa kuwa ufuko wetu umelala, bahari hurudi nyuma mpaka ngalawa zilizotia nanga hubaki zimelala ubavu juu ya mchanga. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne, tena hujaa kidogo, wala hayapwi sana. Wavuvi wetu wanayajua haya bila ya kitabu. Mimi ilinibidi nijifunze kwa kuyaandika daftarini kwa miezi mitatu, kila siku niliyotoka, pamoja na idadi ya ndege na umbali niliowaona.

Daftari lile lilionyesha jambo ambalo sikulitegemea. Siku nilizokuwa nikizipenda, za maji kupwa asubuhi, nilipoona ndege wengi kuliko siku zote, ndizo zilizonipa picha mbaya kuliko zote, kwa kuwa uwanda wa tope ukiwa wazi kila ndege ana nafasi ya kwenda atakako, naye huchagua kuwa mbali nawe. Bamvua inapoanza kujaa, uwanda ule hupungua dakika baada ya dakika. Wale waliotawanyika kwa kilomita nzima husukumwa na maji kuelekea kwenye vipande vichache vilivyoinuka, pembezoni mwa mikoko au juu ya matuta ya chumvi, na aliyekuwa ameketi pale saa nzima kabla, bila ya kusimama na kukaa, huwa sehemu ya mahali. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi na moja na nusu hivi ya jioni, na hapo bahari na jua hukutana kwa namna ambayo kwa maoni yangu haina mfano katika pwani hii, kwani jua letu huchwea nchi kavu, na mtu aliyeketi ufukoni akitazama bahari huwa nalo mgongoni. Ndege wanasogezwa kuja mbele yako, na mwanga uliolainika unawaangukia usoni.

Asubuhi ni kinyume. Jua hutoka baharini, na kutoka ufukoni utaona vivuli vyeusi tu. Wapo wanaopenda picha za vivuli. Mimi nataka kuyaona manyoya. Kwa hiyo asubuhi huwa natoka kwa mtumbwi, nikakaa upande wa maji na kuitazama mikoko.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kwenye mlango wa mto Ruvu, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Nahodha wangu ni mzee ambaye amevua kwenye vijito vile tangu ujana wake, na huko hakuna kwenda bila ya mtu kama yeye, kwa kuwa mto una viboko na mamba. Nilifika kabla ya kupambazuka, nikamwamkia, akaitikia, kisha bila ya kupoteza muda akanieleza hesabu yake: maji yamekwisha jaa, sasa yanaanza kutoka, yakitoka, samaki wadogo waliolala ndani ya mikoko watashuka kwa kijito kimoja chembamba, kwa kuwa hawana njia nyingine, na mwenye njaa atakuja kuwangoja mlangoni. “Na sisi tukikawia pale, mwanangu, tutakwama mpaka alasiri. Saa mbili na nusu lazima tuwe tumetoka.”

Akasukuma kwa pondo, mashine imezimwa, mpaka mahali ambapo kijito kinatoka baina ya mikoko mitatu, mchu mmoja mkubwa na mililana miwili. Akalichomeka pondo topeni, akaufunga mtumbwi ubavu kwa mkondo, akajilaza. Mimi nililala kifudifudi kwenye omo, mbele ya mtumbwi, lenzi imelazwa juu ya mfuko mdogo wa kitambaa niliojaza mchele, kwa kuwa miguu mitatu ya kamera haina faida ndani ya chombo kinachotikisika. Kioo cha lenzi kilikuwa kiasi cha shubiri mbili tu juu ya maji. Kimo hicho ndicho ninachokitafuta kila siku: ukimpiga picha ndege kutoka juu, mgongo wake unachanganyika na tope, ukiwa sawa na magoti yake, mikoko ya nyuma huwa ukungu wa kijani na yeye husimama peke yake.

Alikuja kwenye saa moja na robo, kwa miguu, kutoka nyuma ya mlilana. Alikuwa korongo mkubwa kupita wote wa jamii yake duniani, yule ambaye wataalamu humwita Ardea goliath, ambaye kimo chake hufika mita moja na nusu na mabawa yake yakitandazwa hupita mita mbili. Kichwa na shingo vina rangi ya kutu, mwili una rangi ya jivu lililolowana, na mbele ya shingo kuna michirizi myeusi na myeupe inayoteremka kama maandishi yaliyovuja. Nilidhani ataona mtumbwi na kugeuka. Nahodha akanong'ona, “Usiinuke. Huyo anautazama mkondo, hana habari na sisi.”

Alisimama dakika ishirini. Sijapata kuona kitu kilicho hai kikitulia namna ile. Maji yalikuwa yakishuka kwenye miguu yake, na alama ya unyevu iliyobaki juu ya ngozi ya mguu ndiyo iliyonionyesha kwamba muda unapita. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, nimeweka kasi ya 1/1600 ya sekunde, nimelenga jicho, ambalo ni la manjano na lina duara jembamba la giza pembezoni. Nikaona shingo ikijikunja nyuma, polepole mno, kiasi cha upana wa kidole. Ndiyo ishara pekee aliyonipa. Kisha maji yakapasuka, na kichwa kilipotoka kilikuwa na mkizi wa urefu wa kiganja na mkono, amefumwa ubavuni, mkia unapiga huku na huku. Alimgeuza mara tatu mpaka kichwa cha samaki kikaelekea kooni, ili mapezi yasimkwame, akammeza, na ile shingo ikavimba na kuteremsha uvimbe mpaka chini. Kisha akanywa maji kidogo.

Nyumbani nilizikagua picha 140 za muda ule. Nyingi zilikuwa na matone ya maji tu. Katika moja, mdomo umezama nusu, na utando mweupe umefunika jicho lote, kama kigae cha chaza. Ndege huyu hufumba kinga ile anapopiga, na katika miaka yote ya kumtazama kwa macho sikuwahi kujua. Katika nyingine, baada ya kummeza samaki, ndani ya mboni nyeusi imo alama ya mtumbwi, na juu yake madoa mawili, la nahodha na langu. Hatua zisizopata kumi zilikuwa baina yetu. Picha hiyo lenzi ndefu kuliko yangu isingeileta kutoka mbali, kwa sababu juu ya tope na hasa juu ya mabwawa ya chumvi hewa ya joto hucheza, na kuanzia saa nne asubuhi kila kitu kilicho mbali huonekana kana kwamba kimechorwa juu ya maji. Hakuna kifaa kinachotibu hilo. Dawa yake ni kuupunguza umbali, na umbali hupunguzwa na ndege mwenyewe.

Kuhusu ndege weupe niongeze jambo moja ambalo limewakatisha tamaa wengi ninaotoka nao. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba dunia ina rangi ya wastani. Kikiona tope jeusi lililojaa fremu na yangeyange mmoja katikati, huongeza mwanga ili kulifanya tope liwe la wastani, na yangeyange anaungua, anakuwa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Kikiona chumvi nyeupe nyuma ya heroe, hupunguza mwanga, na heroe anakuwa wa rangi ya matope. Kwa hiyo mimi huacha kukisikiliza. Huweka mwanga kwa mkono, nikiyatazama manyoya meupe yenyewe yakiwa juani kwenye picha ya majaribio, nikapunguza mpaka mistari ya unyoya ionekane, nikaliacha tope liwe jeusi litakavyo. Giza la picha linaweza kufunuliwa baadaye kwa programu, lakini weupe ulioungua hauna kitu ndani yake cha kufunua.

Chumvi ya hewani ni adui mwingine. Kila nikirudi huifuta kamera kwa kitambaa kilicholowanishwa kwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa, kisha kwa kikavu, nikaifungia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, maana kuvu ya ndani ya lenzi ikishaingia haitoki kwa kufuta.

Kuna picha ambazo sipigi, na ninaomba wanaotoka kwenda mikokoni wasizipige. Ni za viota. Makorongo na yangeyange wanapotagia pamoja kwenye mikoko, hawana ulinzi mwingine ila kukaa juu ya mayai yao. Ukisogeza mtumbwi chini ya mti, wazazi huinuka, na kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani yote, huwa ameshafika kabla hujabonyeza kitufe. Nimeyaona maganda. Vilevile sipendi desturi ya kuwarusha ndege ili kupata picha za mabawa; safari moja mgeni tuliyekuwa naye alimtaka nahodha apige makasia kwa kelele, na mzee akakataa kwa adabu, akamwambia kwamba wale wanapumzika kungoja tope lifunguke, na tope likifunguka wataruka wenyewe. Waliruka wenyewe, dakika arobaini baadaye, wakitujia usoni, kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa mgongoni mwetu na ndege huinuka akiukabili upepo.

Mwezi uliopita nilisafisha picha kumi, nikazichapisha, nikazipeleka Nunge. Nimekuwa nikipita pale mara nyingi kiasi kwamba wavunaji chumvi wananijua, na siku hizi napita juu ya tuta kama wao, begi begani, bila ya kuinama. Walizitazama mmoja mmoja kivulini. Ilipofika ya korongo mkubwa, mama mmoja aliyekuwa ameshika reki aliichukua, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye mguu wa kushoto. Hapo, juu kidogo ya mahali vidole vinapoanzia, kuna kovu la duara, jembamba kama uzi. Mimi nilikuwa nimeliona na kudhani ni tope lililokauka.

“Huyu si mgeni kwetu, kaka,” akasema. Akanieleza kwamba mwaka juzi, wakati wa kaskazi, walimkuta pale mlango wa maji, ulipo mkondo wa kuingiza maji ya bahari kwenye bwawa la kwanza, amenaswa mguu na mshipi wa kuvulia uliokatika. Waliogopa mdomo wake, na walikuwa na haki. Yeye akamtupia kanga kichwani, ndege akatulia hapo hapo, mwenzake akaukata mshipi kwa wembe. Aliporuka alikwenda upande wa mto. Tangu hapo amekuwa akirudi siku za bamvua, milango inapofunguliwa, kwa kuwa samaki wadogo wa mwatiko huingia pamoja na maji.

Nikamuuliza maji yatafunguliwa lini tena. Alihesabu kwa vidole tangu mwezi ulipoandama, akasema Alhamisi, kwenye saa tisa alasiri. Nije mapema, nikae ndani ya kibanda cha pampu, upande wa dirisha, na nikishakaa nisitoke tena juu ya tuta.